Fukwe Nilizozikimbia Nikimtafuta Kaka

Treni ilipopunguza mwendo kuingia Igalula, harufu ya karanga za kukaanga iliingia dirishani kabla ya wauzaji wenyewe. Akina mama walikimbia sambamba na mabehewa, mabeseni kichwani, wakiita asali, karanga, michembe. Nikanunua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vikawa vigumu kama mbao, nikaanza kutafuna vivyo hivyo vikavu kama tulivyozoea utotoni. Abiria niliyekaa naye akaniuliza kama nafurahi kurudi nyumbani. Nikamwambia ndiyo. Ukweli ni kwamba nilikuwa naomba treni iharibike.

Nikueleze sababu, maana bila hiyo mengine hayataeleweka. Kwetu mtaa wa Ng'ambo, mjini Tabora, ndani ya ukoo wetu, kuna desturi tuliyoachiwa na wazee waliokuwa wapagazi, wale waliobeba mizigo kichwani kwenda Bagamoyo. Mtu akipotelea pwani, nyumba humtuma mmoja kumfuata. Aliyetumwa akiwa bado yuko njiani, nyumbani hakuliliwi. Hakuna matanga wala hitima, na hakuna anayethubutu kumwita yule aliyepotea marehemu. Siku mtafutaji akirudi, husimama nje ya mlango na kusema nimemwona, au sikumwona. Akisema sikumwona, ndipo majirani huitwa na masufuria huinjikwa. Haingii ndani mpaka aseme.

Mimi ndiye niliyetumwa kumtafuta kaka yangu. Kila kituo tulichokipita kilinisogeza mbele ya mlango ule.

Kaka alikuwa mkimbiaji. Hakuwa na medali wala kocha. Alikimbia kama wengine wanavyopiga miluzi, bila kujua kwamba anafanya hivyo. Akitumwa chumvi, alikimbia. Akipeleka jembe kunolewa, alikimbia nalo begani, na Mama akipiga kelele nyuma yake kwamba atamkata mtu. Mimi nilimfuata kwa sababu nilikuwa mdogo wake na sikupenda kuachwa. Tuliamka adhana ikiwa bado hewani, Bibi akikohoa chumbani kwake, na mafundi wa mabati wa mtaa wetu wakiwa hawajaanza kugonga. Tulitoka bila viatu kushika njia ya zamani ya kwenda Kwihara.

Ungeiona njia ile wakati huo! Ilikuwa vumbi jekundu, laini na baridi alfajiri, kama unga uliotoka mashineni ukapozwa. Miembe mikubwa ilisimama huku na huku, na Bibi alituambia ilitokana na kokwa zilizotupwa na wapagazi wakila huku wanatembea. Kipindi cha mvua majani yalilowesha magoti. Kiangazi ilinuka moshi wa mashamba na ntalali, yale matunda meusi ya porini ambayo tuliyaokota tukirudi, tukafika shule na midomo kama tumekunywa wino. Tatizo lilikuwa mbigili. Tulikaa kwenye kizingiti kila asubuhi, Mama akituchokoa miiba kwa pini huku akilalamika kwamba uji unaganda.

Mwanzoni mwa mtaa alikaa jirani yetu, fundi wa baiskeli, mtu aliyeamka mapema ili apate muda mrefu wa kusema watu.

"Nyie watoto mnafukuzwa na nani?"

"Hatufukuzwi na mtu. Shikamoo!"

"Marahaba. Basi kama hamfukuzwi, rudini mkachote maji. Mama yenu anahangaika na ndoo, nyie mnahangaika na upepo."

Kaka alicheka, akaongeza mwendo.

Likizo tulipelekwa Ipole kwa mjomba aliyefuga nyuki. Huko kulikuwa na kukimbia kwa namna nyingine. Tulipita chini ya miti ya miombo, kwenye vijia vya warina asali, tukiwa tumekatazwa kupiga kelele karibu na mizinga. Ukikimbia kimya msituni unasikia mambo mengi. Unasikia pumzi yako, na ya aliye mbele yako. Hadi leo ningeweza kukutambulia pumzi ya Kaka kati ya wakimbiaji wengi: mbili fupi, moja ndefu.

Aliyeharibu yote, kama kuna wa kulaumiwa, ni mwalimu wetu wa jiografia. Alikuwa amefundisha Tanga kabla ya kuletwa kwetu, na aliikumbuka Tanga kila alipoona vumbi. Alitueleza kwamba bahari hupwa na kujaa, na kwamba ikipwa inaacha mchanga mpana, bapa, mgumu kiasi, ambao maji yameuosha upya. "Unakimbia hapo peku," alisema, "na hakuna mwiba hata wa dawa." Darasa zima lilicheka. Kaka hakucheka. Njiani kurudi aliniuliza, "Maji yakiuosha kila siku, basi kila siku unakuwa wa kwanza kuukanyaga?" Nikamjibu nadhani ndivyo.

Mimi shule niliiacha mapema, miguu haikutaka kukaa chini ya dawati. Kaka aliimaliza, akafanya vibarua stendi, akaweka nauli, akaondoka. Alipiga simu kutoka Tanga akipiga kelele kwa furaha kana kwamba Mama ni kiziwi. Mwalimu hakudanganya, alisema. Akapiga tena kutoka Pangani, halafu Bagamoyo. Alifanya kazi yoyote, alilala popote, lakini asubuhi alikimbia ufukweni. Akawa anahama, kila mara akisema ameambiwa kuna ufukwe mzuri zaidi huko kusini. Kisha simu ikawa haipatikani. Tulisubiri Ramadhani, tukasubiri Idi, tukasubiri msimu wa mvua. Baba mdogo, ambaye baada ya baba yetu kufariki ndiye mkubwa wa nyumba, akasema kuna haja ya kumtuma mtu. Mama akanitazama mimi, kwa sababu sikuwa na mke, wala kazi, wala utulivu.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukitaka kujua mahali pazuri pa kukimbia katika pwani yetu, niulize mimi. Nilikwenda na akili moja tu: Kaka hatapatikana sokoni wala hotelini. Atapatikana alfajiri, mahali ambapo mchanga ni mzuri. Nikawa najifunza maji. Nilijifunza kwamba wakati wa bamvua bahari huenda mbali sana na kuacha uwanja, na wakati wa maji mafu unabaki na ukanda mwembamba unaokulazimisha kukimbia umeinama upande mmoja. Niliwauliza wavuvi mpaka wakanichoka.

Tanga nilikimbia Raskazone, bahari iko chini kabisa upande mmoja na maua yamemwagikia barabarani kutoka kwenye nyua za watu. Pangani nilikimbia mpaka mdomo wa mto, nikavuka kwa pantoni, nikaendelea ng'ambo ya pili chini ya minazi. Bagamoyo nilitoka Kaole maji yakiwa yamepwa, nikikwepa mizizi ya mikoko, na nilipofika mjini nikakaa chini nikawawaza wale wazee wetu waliotembea kutoka Tabora na pembe za ndovu mabegani ili tu wafike hapo. Kila mahali niliona miguu ya watu mchangani. Kila mahali nilisimama nikasikiliza pumzi za waliokuwa wananipita. Vijana wenye viatu vya bei, askari kanzu, wazee waliokatazwa sukari. Wengine walinizoea wakanisalimia. Hakuna aliyepumua mbili fupi, moja ndefu.

Kilwa Masoko kuna mama lishe aliyegundua kwa lafudhi yangu kwamba mimi ni Mnyamwezi, na watu wa pwani na sisi ni watani tangu enzi za wapagazi. Akaanza.

"Mnyamwezi huyu kila siku mbio! Mzigo umeutupa wapi, tajiri wako anakutafuta!"

"Namtafuta kaka yangu, mtani. Mrefu, ana kovu kwenye nyusi. Alikuwa anakimbia hapa."

"Kaka yako? Tulishamla zamani. Tulimpika na nazi, lakini nyama ya Mnyamwezi ngumu, tukamwachia paka!"

Wateja wote wakaangua kicheko. Kwa utani wetu hilo ni jambo la kawaida, nami nilitakiwa nirudishe kali zaidi. Nikainamia sahani. Kicheko kikakatika. Yule mama akaacha upawa, akaja akasimama karibu yangu.

"Kumbe kweli?"

"Kweli."

"Si ungesema mapema, mtani wangu. Ona sasa nilivyokutia kidonda." Akaniongezea samaki, akakataa hela yangu, na kesho yake alitembea nami mpaka bandarini akiuliza mtu mmoja mmoja kwa niaba yangu. Wawili walimkumbuka. Walisema aliondoka zamani kwenda Lindi, au Mtwara, huko mbele.

Nikaenda Lindi, Mikindani, Mtwara. Mwisho nikafika Msimbati. Baada ya hapo ni mdomo wa Ruvuma, na ng'ambo yake ni nchi ya watu wengine. Nilikimbia ufukwe ule asubuhi nyingi kuliko ilivyohitajika. Mweupe, mrefu, mtupu, maji yamelala kama yamechorwa. Nilikuwa nimeshajua kwamba sitamwona. Niliendelea kukimbia kwa sababu kadiri nilivyobaki pale, Kaka alikuwa hajafa.

Ila Baba mdogo akapiga simu: Mama anakonda, hali chakula, rudi.

Nilifika nyumbani kabla ya adhuhuri. Mama alikuwa barazani anamenya karanga. Hakuinuka. Nikasimama nje ya kizingiti kama inavyotakiwa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mafia umefika?"

Sikutegemea hilo. "Sijafika. Mafia ni kisiwa, Mama."

"Kisiwa hakina mchanga?"

"Kinao."

"Basi hujarudi. Unapita tu." Akaingia ndani, akatoka na ugali na mlenda, akaniwekea pale pale nje. "Kula upate nguvu. Treni zipo."

Baba mdogo akatoka chumbani. "Shemeji, mwache mtoto aingie. Tazama miguu yake."

"Wewe kaa kimya. Ulitaka hitima tangu mwaka ule, umeshaweka na mchele."

"Nimeweka mchele kwa sababu yule ni mtoto wangu pia!" Sauti yake ilipasuka katikati. Sikuwahi kumsikia hivyo. Akarudi ndani.

Nilikula. Mama alinitazama nikila, halafu taratibu, akiendelea kumenya, akaanza kuuliza. Tanga kukoje? Na Pangani? Alitaka kujua rangi ya mchanga, kama kuna kivuli, kama jua hutoka upande wa maji, kama watu wa huko huitika ukiwasalimia. Nilimweleza vyote, kama ninavyokueleza wewe. Alisikiliza kama mtu anayechagua kiwanja.

"Wapi palikuwa pazuri kuliko kote?"

"Msimbati."

"Wewe ungekuwa yeye, ungeondoka pale?"

Niliutafakari ule ufukwe ulivyokuwa asubuhi. "Nisingeondoka, Mama."

Ganda la karanga likaanguka, hakuliokota. "Basi sema," akasema. "Sema uingie."

"Sikumwona, Mama."

Akainuka, akanishika mkono, akanivusha kizingiti. Alinishika kwa nguvu sana, na hakulia mpaka nilipokwisha kuketi.

Hitima ilisomwa Ijumaa. Mtaa mzima ulikuja, na pilau likanukia hadi kwa fundi wa baiskeli, ambaye sasa mikono yake inatetemeka na anauza vocha. Bibi hayupo siku nyingi. Njia ya Kwihara wameitia lami kipande, na pale tulipookota ntalali pamepimwa viwanja vyenye mawe yaliyopakwa chokaa. Miembe mingine imeanguka, mingine imekatwa kupisha nguzo za umeme. Watoto wa mtaani hawakimbii alfajiri, wanangoja bodaboda za shule. Siwalaumu. Na ile desturi yetu nayo naona imeishia kwangu, maana nilipowaeleza wapwa zangu, mmoja akauliza kwa nini hatukumtafuta mtandaoni.

Asubuhi ya kwanza baada ya hitima niliamka kwa mazoea, nikatoka mbio, nikarudi jua likiwa linachomoza. Nilimkuta Mama amesimama uani, khanga imemdondoka begani, macho yameelekea mlangoni. Alikuwa amesikia miguu ya mtu anayerudi akikimbia. Aliponiona ni mimi, akainamia kuni kana kwamba ndizo zilizomtoa nje.

"Mwanangu," akasema bila kunitazama, "nakuomba. Usikimbie tena ukiwa hapa."

Kwa hiyo siku hizi natembea.