Emerance na Mashini Iliyosema Ok

Mwaka wa 1986 Patron Katsuva alirudi kutoka Nairobi na masanduku mawili ya karatasi ngumu, na kabla hata hajamsalimia mkewe aliyapeleka ofisini. Ndani kulikuwa na kompyuta. Siye watu wa Bunia tuliiita ordinateur, wale wachache waliothubutu kulitamka jina hilo. Patron hakuwa na haja nayo. Alikuwa amesikia tu kwamba mfanyabiashara mmoja wa Butembo anayo, na habari ile ilimkosesha raha kuliko malori yake yote yaliyokwama njiani.

Agence yake, kampuni ya malori, ilipakia watu na mizigo kwenda Mahagi, Beni, na Niania mpaka Kisangani. Kupakia waliweza sana. Kufika lilikuwa jambo la Mungu na la matope.

Kazi ya kujifunza ile mashini alipewa Emerance, dactylo, yaani mpiga chapa wa ofisi, binti wa wafuga ng'ombe wa upande wa Bogoro. Miaka ile majina ya ubatizo yalikuwa yamekatazwa na serikali, na kwenye kitambulisho aliitwa vingine, lakini hakuna aliyewahi kumwita hivyo isipokuwa polisi. Sababu ya kumchagua ilikuwa nzito: mashini ilikuwa na vitufe kama taipureta, na Emerance peke yake ndiye aliyeandika kwa vidole vyote. Kwa hesabu hiyo, mtu anayejua kupanda ngazi angepewa kuendesha ndege.

Waliichomeka. Kioo kikawaka kijani, pakatokea mistari michache ya Kiingereza, kisha neno moja, Ok, na chini yake kistari kinachopepesa.

"Inasema nini?" Patron aliuliza.

"Inasema Ok, Patron."

"Ok ya nini?"

"Ok tu."

Walingoja. Patron alivuta kiti akakaa mbele ya kioo kama mtu anayesubiri filamu ianze. Baada ya kitambo alisema, "Sasa malori yangu iko wapi mule ndani?"

"Haiko, Patron. Naona ni siye tutaiingiza."

"Waliniambia inajua kila kitu."

"Labda inajua," Emerance alisema, "lakini haijatuzoea."

Kitabu kilichokuja nayo kilikuwa cha Kiingereza, lugha ambayo ofisini hakuna aliyeisoma. Akaitwa Louis kutoka gereji. Louis alikuwa fundi, mtu wa Mahagi, na utotoni alikuwa amesoma Arua kwa mujomba wake, ng'ambo ya mpaka. Alinawa mikono kwa petroli, akaketi, akaanza kutafsiri kila kitu kwa moyo wa makanika. RUN ilikuwa kuwasha moteur. GOTO ilikuwa kukata kona. Ukurasa mmoja ulimshinda.

"Hapa wanasema umufunge na kamba," alisema.

"Kumufunga nani?"

"Jina ya mutu."

Emerance alilibeba fumbo hilo mpaka nyumbani na akarudi nalo. Siku nyingi zilipita kabla hajaelewa kwamba kamba yenyewe, string kwa Kiingereza, ni maneno tu, yanayowekwa kati ya alama mbili ili mashini isiyachanganye na hesabu, na kwamba aliyestahili kufungwa ni mwandishi wa kitabu. Lakini alielewa. Aliandika mstari mmoja wenye PRINT na neno JAMBO, akaiwasha, na kioo kikajibu JAMBO. Louis alimpa mkono kama mtu anayepongeza mzazi. Patron aliangalia, akasema hata kasuku anaweza vile, akaenda kula.

Ndipo Emerance alipopata wazo ambalo halikuwa la Patron, wala la kitabu. Aliona kwamba mtu wa kawaida akikaa mbele ya mashini ile angebaki na Ok yake mpaka jioni.

"Haina uso," alimwambia Louis. "Mutu akikuya hajui aangalie wapi. Inafaa imuulize: unaenda wapi, Niania, Mahagi, Beni? Abonyeze moja, mbili, tatu. Imuulize tena: batu ngapi? Kisha imuonyeshe nafasi iliyobaki."

"Kama tableau ya gari mbele ya usukani," Louis alisema. "Dereva hapana kufungua moteur kwa kujua kama mafuta iko."

"Njo vile."

Alianza kuutengeneza uso huo, mstari kwa mstari, kila mstari na nambari yake. Alijifunza kufuta kioo, kupeleka maneno katikati, kuchora mafremu kwa vistari viwili. Kazi ilipokaribia kupendeza, courant, yaani umeme, ilikatika. Iliporudi, kioo kilisema Ok, kwa upole uleule wa siku ya kwanza, na ndani hapakuwa na kitu.

"Imeenda wapi?" Patron aliuliza.

"Imepotea."

"Nani ameiba?"

Walimhoji mlinzi. Mlinzi, maskini, alikubali kupekuliwa mifuko. Kisha Louis alirudi kwenye kitabu, akaikuta sura nzima juu ya disketi na jinsi ya kuhifadhi kazi, sura ambayo alikuwa ameiruka kwa sababu ilionekana haina faida. Emerance alianza upya. Siku hiyo Louis alijua kutomkaribia.

Uso wa pili ulikuwa bora kuliko wa kwanza, na hapo ndipo Patron alipougundua na kuamua kuusaidia. Alitaka jina la agence juu kabisa. Kisha jina lake mwenyewe, kubwa kuliko la agence. Kisha alitaka lori.

"Lori inafanya nini, Patron?"

"Inatembea. Batu waone tuko kampuni ya kutembea."

Emerance aliunda lori kwa herufi na vistari, akaliambia litoke kushoto kwenda kulia. Lori lilitembea, lakini kila hatua liliacha nyuma magurudumu na vipande vya bodi, njia nzima ikajaa mabaki, sawasawa na barabara ya Niania masika. Louis alisema liachwe hivyo, ni la kweli. Emerance alifikiri, akaongeza nafasi tupu nyuma ya lori ili lifute alama zake lenyewe. Likapita safi. Likawa lori pekee la Patron Katsuva lililofika kila siku, zima, bila dereva kudai kitu.

Mashini iliwekwa salon, chumba cha wageni, chini ya kitambaa cha kushonwa maua. Wateja waliokuwa wakingoja magari yaliyochelewa waliletwa kutazama lori. Walitulia. Mama mmoja aliyekuwa na mzigo wake wa samaki wa chumvi umekwama Komanda alisema angalau hili linaonyesha nia. Lakini dirishani, pale tikiti zilipouzwa, waliendelea kugombana kama zamani, maana kiti kimoja kiliuzwa kwa watu wawili, na mashini iliyoweza kuwaamua ilikuwa chumba cha pili, imevaa maua.

Siku moja Patron alimwalika mukubwa mmoja wa serikali kuja kuzindua kile ambacho hakikuwa kikitumika. Palikuwa na bia, mbuzi, na viti vya kuazima. Lori lilipita, watu wakapiga makofi. Mukubwa aliombwa akate tikiti ya kwanza. Alibonyeza 1, Niania. Mashini ikauliza: BATU NGAPI?

Sasa, mukubwa yule alijua jambo moja tu la kufanya na kitu chochote kilichowekwa mbele yake, nalo ni kuandika jina lake. Aliandika jina. Kioo kikatoa sentensi ya Kiingereza.

"Inasema nini?" aliuliza.

Patron alikuwa akimkonyeza Louis anyamaze, lakini Louis, aliyevalishwa koti kwa ajili ya siku hiyo, aliona zamu yake imefika. "Inasema: anza tena toka mwanzo."

Mukubwa aliandika jina tena, safari hii na cheo. Sentensi ilirudi.

"Bado inasema vilevile," Louis alieleza.

Watu waliacha kutafuna. Mukubwa aligeuka pole pole. "Nani aliandika hii mambo?"

"Ni miye, Citoyen," Emerance alisema, kama kila mtu alivyoitwa kwa heshima miaka ile.

"Na ni weye unaniambia nianze tena?"

"Hapana, Citoyen. Ile neno ilitoka nayo kiwandani. Miye nilizania tu mutu ataandika nambari."

"Ulinizania."

"Ndiyo, Citoyen."

Mukubwa alisimama, akamaliza bia yake kwa sababu hakuwa na ugomvi na bia, akaondoka. Patron hakusema na Emerance siku nyingi. Maagizo yote alimpa kupitia mlinzi. Emerance mwenyewe alitembea na masikio ya moto. Cha ajabu, alipojihoji vizuri, hakuwa akimwaza mukubwa. Aliwaza lile swali la kioo. Alikuwa ameuandika uso wote kwa ajili ya mtu mmoja tu duniani, yaani yeye mwenyewe, ambaye asingekosea kamwe kwa sababu ndiye aliyeutunga.

Akaanza kufika ofisini asubuhi na mapema, kabla hawajafungua. Alibadilisha mashini ipokee chochote kitakachoandikwa, upumbavu na werevu pamoja, kisha yenyewe ichunguze kama ni nambari; na kama sivyo, ijibu kwa Kiswahili. Alipomaliza alimwita Louis.

"Kosea," alimwambia.

"Namna gani?"

"Namna yoyote. Bonyeza vibaya."

Hakuna kazi Louis aliyowahi kuifanya kwa furaha kama ile. Alibonyeza kwa kiwiko. Aliandika jina la shemeji yake, akajibu moja alipoulizwa jina, akaomba nafasi mia tisa za kwenda Beni. Kila mashini ilipokwama, Emerance alirekebisha na kumwambia kosea tena. Mwisho mashini haikukwama, na Louis alihuzunika kidogo.

Mukubwa alirudi, bila kualikwa. Huko alikokwenda alikuwa amesimulia kisa cha mashini yenye kiburi, na kwa kuwa wenzake hawakuamini, alitaka kuhakikisha. Patron aliondoa kitambaa cha maua. BATU NGAPI? Mukubwa aliandika jina na vyeo vyote. Kioo kikajibu: TAFAZALI CITOYEN, TUSAMEHE, HAPA TUNANGOJA NAMBARI, MFANO 3.

Alisoma mwenyewe, kwa sauti. Uso ukamlainika. Aliandika tena jina lake, ili aombwe tena. Akaita dereva wake aje aone. Aliendelea kukosea kwa makusudi hadi mbuzi aliyechinjwa haraka kwa ajili yake aliposemekana ameiva, kwa raha ya kuombwa radhi na umeme. Nambari hakuandika. Hakuna abiria hata mmoja aliyekatiwa tikiti. Patron aliihesabu kuwa siku bora ya maisha ya agence yake, na kesho yake akamwambia Emerance aongeze maombi ya radhi hata mahali ambapo mtu hajakosea.

"Patron, tuipeleke dirishani," Emerance alisema. "Njo kazi yake."

"Dirishani iko vumbi."

"Na batu."

"Njo nimesema, iko vumbi."

Mwaka wa 1988 Emerance aliacha kazi. Hospitali moja ya mjini ilikuwa imeletewa kompyuta na marafiki wa mbali, na walisikia kuna mwanamke wa malori anayeweza kuzifanya ziongee. Walimpeleka famasi, kwa Noëlla, muuguzi aliyesimamia dawa, mwanamke mnene, mchache wa maneno. Siku za kwanza Emerance hakugusa mashini. Aliketi juu ya katoni akimtazama Noëlla akipokea, akihesabu, akitoa.

"Unaniangalia kama polisi," Noëlla alisema.

"Naangalia mikono yako. Nataka kujua inaanza wapi."

Uso aliomtengenezea haukuwa na fremu wala kitu kinachotembea. Ulifuata mikono: kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki. Noëlla aliujaribu akanuna. "Mbona inaniuliza kama ni kweli? Nimeshasema." Emerance akaondoa swali. "Na hii tusamehe, tusamehe, ni ya nini? Nani amekufa?" Akaondoa pia, ingawa hiyo ilimgharimu, maana alikuwa ameizoea.

Siku ya kuanza, Emerance alikaa chumba cha jirani, mlango wazi, tayari kuitwa. Alisikia vitufe. Alisikia wagonjwa wakiingia na kutoka, watoto wakilia sindano, Noëlla akimkemea mtu aliyetaka dawa ya jirani. Saa zilikwenda. Mara mbili alisimama akasogea mlangoni, akajifanya anatafuta kalamu. Kuelekea mchana hakuweza tena.

"Iko muzuri?" aliuliza.

Noëlla hakuinua kichwa. "Nini?"

"Mashini."

"Aa. Iko pale." Akabonyeza, akageuka kuchukua chupa rafuni.

Emerance alirudi kukaa. Aliniambia baadaye kwamba iliuma kidogo. Bunia nzima ilikuwa imempigia makofi kwa lori lisilobeba hata muhogo, na kwa kazi hii hata aksanti hakuna. Alikaa na maumivu yake kitambo kizuri, akiyasikiliza yakipungua. Kisha, kwa kuwa hakuna aliyemhitaji, alichukua kikapu akaenda sokoni kabla samaki wabichi hawajaisha.