Barua za Nyota, Gatwekera hadi Kawangware

Osewe, ndugu mdogo wa marehemu mume wangu, alikuwa fundi viatu wa Gatwekera, na hakuwahi kukimbia usiku. Naanza na hilo kwa sababu watu wetu wa ziwani wanajua uzito wake. Jajuok, mkimbiaji wa usiku, huzunguka gizani akirusha mawe kwenye paa za watu, na husemwa tabia hiyo hurithiwa.

Osewe alitazama nyota. Moja ya upande wa kusini mwanga wake hupanda na kufifia, naye aliupima kwa kuulinganisha na nyota za jirani. Wekulo, fundi redio wa Kawangware, aliipima hiyohiyo, wakawa wanaandikiana kwa posta. Walikuwa na sharti: hufungui barua ya mwenzako kabla hujatuma kipimo chako, jicho lako lisije likafuata lake.

Mwaka 1994 jirani yetu Adero alimwona Osewe akirudi alfajiri, akalitangaza jambo hilo kwenye foleni ya maji. Habari zikamfikia Rosebella, shangazi wa kijana aliyetaka kumwoa binti yangu Akoth. Akaja mchana, hata salamu hakuimaliza.

"Mama Akoth, kwenu kuna mtu wa usiku?"

Nilimwita Osewe. Barua ya Wekulo ilikuwa mezani, haijafunguliwa. Mawingu yalikuwa yamefunika juma zima.

"Isome, mgeni asikie."

"Siwezi, shemeji. Sijapima."

"Mtoto anakosa ndoa, wewe unangoja mawingu yaondoke!"

Akoth akalia nyuma ya pazia, "Baba mdogo, tafadhali."

Akaifungua kama mtu anayeng'olewa jino. "Rafiki yangu, Jumanne mawingu yalipasuka kidogo huku, nikakaa nje hadi saa tisa. Imefifia kuliko jirani yake..."

"Ngoja," Rosebella akasema. "Saa tisa za usiku? Na huyu naye?"

"Naye!" Osewe akajibu kwa fahari.

"Kumbe mko wawili! Tena mnapeana ripoti!"

Nilimweleza kwa Kiswahili na kwa Dholuo kwamba hiyo ni elimu.

"Elimu gani inakataa mchana, Mama Akoth?"

Akaondoka bila kugusa chai. Kwetu, mkwe akiacha chai yako, ameshajibu.

Jioni Osewe alimwandikia Wekulo kwamba kipimo chochote atakachotuma yeye cha juma hilo kisihesabiwe, kwa kuwa alikuwa amekwisha kuona cha mwenzake. Huo ndio uaminifu wa nyumba yetu. Na Akoth bado yuko kwangu.