Makasha yenye Bawaba

Mlango, nilielezwa, si dharura. Turubai ndiyo dharura. Mlango ni maendeleo, na fungu la fedha za maendeleo lilikuwa halijafunguliwa kwa sababu mji uliouhitaji ulikuwa haujathibitishwa kuwa umetulia. Mara ya kwanza kuelezwa hivyo niliitikia kwa adabu. Baadaye kila nikisikia neno fungu nilijisikia kutupa kalamu.

Nilikuwa mnunuzi wa shirika moja la misaada pale Mwanza. Kabla ya hapo nilitunza stoo ya kiwanda, nikapunguzwa kazi kama maelfu ya wenzangu wa miaka ile, na mtu aliyeonja kupunguzwa habishani ovyo na mwajiri mpya. Vita vya Rwanda vilikuwa vimekwisha na mizigo ya kwenda huko ilipita mikononi mwetu. Shida ni kwamba shirika letu lilizoea kambi. Kila kitu stooni kilikuwa cha mtu anayelala porini: turubai, blanketi, madumu, sufuria. Watu walikuwa wamesharudi mjini, kwenye nyumba za matofali, na sisi tuliendelea kuwapelekea vitu vya porini.

Siku moja akaja mkunga wa mji mmoja wa huko kupokea vitanda vya kujifungulia. Alikuwa mama wa makamo, aliyesoma Karagwe utotoni, kwa hiyo tulielewana bila shida. Alivikagua vitanda, akashukuru, kisha akasema havitamsaidia.

"Dada, zahanati yangu haina mlango hata mmoja," aliniambia. "Waporaji walibeba milango yote, fremu wakang'oa wakapikia. Nyinyi mkanipa turubai nitundike. Wanawake wanafika mpaka uani, wakiiona turubai wanageuka."

Nikamuuliza kwa nini wanageuka. Hadi leo swali hilo linaniudhi.

"Wakati ule wa vita watu walikuwa wanaingia tu," alisema. "Mwenye uchungu hawezi kukimbia. Halali chali mahali ambapo mtu anaweza kuingia tu. Wanajifungulia majumbani, peke yao. Juzi nimezika mmoja na mtoto wake."

Nikampeleka kwa mkuu wetu, kijana wa Kizungu, mpole, ambaye hata walinzi alikuwa akiwapikia chai. Nilimtafsiria yote. Alisikiliza mpaka macho yakawa mekundu, na hakuwa anaigiza. Kisha akasema atamwongezea turubai, safari hii nzito zaidi. Ikabidi nimtafsirie mkunga maneno hayo, naye akanitazama mimi kana kwamba ndiye niliyeyatunga. Angekuwa mtu mbaya ningemsema nikapumua. Alikuwa mtu mwema aliyefungwa mikono na kanuni zake mwenyewe, na mtu wa namna hiyo huna pa kumshikia.

Nilirudi nyumbani nimevimba. Watu husema niliwaza kwa akili, lakini ukweli ni kwamba niliwaza kwa hasira. Vitanda vilipaswa kusafiri ndani ya makasha, na gharama za kufungasha mizigo zililipwa na fungu la dharura bila swali. Kesho yake nikaenda Mabatini kwa fundi seremala, mzee wa Kisesa aliyekuwa akitutengenezea makasha siku zote.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

"Nataka makasha. Kila ubavu uwe mlango kamili wenye bawaba, na mihimili ya pembeni iwe fremu."

Akaweka randa chini. "Kasha la milango?"

"La milango. Na kila mlango uwe na komeo, upande wa ndani."

"Mwanangu, kasha likikomewa kwa ndani, atalifungua nani?"

"Baba, wewe tengeneza tu."

Akatengeneza, huku akinung'unika kwamba mbao nilizomletea hazijakauka na zitapinda kabla hazijafika. Siku ya kupakia, mkuu akaja kukagua. Alisimama mbele ya kasha la kwanza, akaigusa bawaba.

"Makasha ya huku yana bawaba?"

"Ndiyo, ili yafunguke vizuri."

Akagonga ubao kwa kidole. Akasema sawa, ila yakishafunguliwa yarudishwe Mwanza, tuyatumie tena. Kama alielewa au hakuelewa, sijui mpaka leo. Nami nikasema sawa.

Safari ilikuwa adhabu. Pale kivuko cha Kigongo tulikaa juani kutwa nzima huku magari ya wakubwa yakipitishwa mbele yetu, na mpakani wakatutaka tueleze kwa nini sanduku lina komeo. Tulipofika kwenye zahanati, tuliyafungua makasha uani na dereva akaanza kupachika mlango wa chumba cha kujifungulia. Mlango ulikuwa umepinda kweli kama fundi alivyosema. Ikabidi dereva aukwangue kwa panga mpaka ukakaa.

Chini ya ukuta alikuwa ameketi mwanamke mwenye uchungu. Tangu asubuhi mkunga alimbembeleza aingie, akakataa. Mlango ulipokaa aliinuka, mkono kiunoni, akaingia na mkunga. Mimi nikafuata na beseni la maji.

Hakupanda kitandani. Aliusukuma mlango ukafunga, akavuta komeo. Akalifungua. Akalifunga tena. Uchungu ulipomshika aliegemea mbao, ulipomwachia akajaribu tena, anafungua, anafunga. Hatimaye akasema neno kwa lugha yao huku akinitazama.

"Anataka utoke," mkunga alisema. "Hakujui."

Nilitoka, na nyuma yangu nikasikia komeo likiingia.

Niliposimama pale uani nilitegemea kufurahi. Badala yake nilishikwa na hasira upya, kuliko zote za miezi ile, kwa sababu sasa nilikuwa nimekiona kitu chenyewe kilivyo: kipande cha chuma cha urefu wa kidole. Na yule aliyezikwa na mtoto wake hakukipata.