Sindano Kabla ya Hotuba

Pelenatete alikuwa anaopoa samaki kwenye tanuri la mawe alipomuuliza binti yake, bila hata kugeuka, "Baba yako hajachoma bado, eeh? Mwambie asiguse sindano mpaka aone sahani mbele yake."

Meripa alikuwa anafunua majani ya moto kwa ncha za vidole. "Alishachoma, mama. Zamani. Basi la wageni lilipopiga honi tu, akaingia chumbani akachoma. Kasema wageni wamefika, chakula kiko njiani."

Samaki alimponyoka Pelenatete akaangukia majivuni.

Chakula kiko njiani! Mahali pengine mtu angesema hivyo akaonekana ana akili: wageni wamefika, watakaribishwa, watakula. Kwetu kisiwani Savai'i wageni wakifika hawali. Wanasemewa. Na kabla hawajasemewa, wazee wasemaji wa kijiji husimama uwanjani, kila mmoja na fimbo yake na mgwisho begani, wakagombea ni nani mwenye haki ya kusema. Hugombea kwa adabu tele na kwa maneno ya kumtoa nyoka pangoni, mmoja mmoja hukubali kushindwa akaenda kuketi, mpaka abaki mmoja. Huyo ndiye anayetoa hotuba. Baada ya hotuba, wageni wajibu. Baada ya majibu, watu wanywe ava, kile kinywaji cha mizizi cha heshima. Hapo sasa ndipo wanawake wanaambiwa walete chakula, na chakula chenyewe kimeshapoa.

Vaifale aliyajua haya kuliko mtu yeyote kijijini. Alikuwa msemaji tangu siku alipopewa jina la heshima la ukoo, na katika magomvi ya namna hii alikuwa hashindwi kirahisi. Kilichomponza ni siri. Hakutaka mtu amwone akifunua shati na kujichoma tumboni karamuni, kwa hiyo alichoma nyumbani, mlango umefungwa, akatoka amenyooka na fimbo yake kama mtu mzima asiye na tatizo lolote.

Alikuwa na sukari. Alianza na kiu na kidonda cha kidole kisichopona, wakampa vidonge, vidonge vikashindwa, ndipo muuguzi wa zahanati akamfundisha sindano. Muuguzi yule alikuwa mkali kuliko mke wa mchungaji. "Ukishachoma, unakula," alimwambia. "Husubiri, hulali, huendi kuangalia nguruwe. Unakula, la sivyo sukari inashuka mno na unazimia."

Kula kwenyewe kulikuwa vita. Pelenatete alimkatia gimbi lisilozidi ngumi yake, akamwekea samaki na majani, tui akamnyunyizia tu.

"Mama Meripa," Vaifale alikuwa akisema, akiligeuzageuza, "hili ni gimbi au ni jicho la samaki?"

"Kula, mzee."

"Nakula nini sasa? Nikilitazama vibaya litaisha."

Alicheka yeye, akacheka na Meripa. Pelenatete hakucheka. Alikuwa amemwosha shemeji yake, kaka mkubwa wa Vaifale, mguu ulipokatwa kwa sukari hiyohiyo, na akamwosha tena siku ya kumzika. Tangu hapo kila Vaifale alipochelewa kuamka, alisimama mlangoni akitazama kama kifua kinapanda. Uoga huo hakumwambia mtu. Alikwenda nao shambani, akaenda nao kanisani, akarudi nao.

Hotuba ya leo, sasa, Vaifale aliitaka kufa na kupona. Kanisa jipya lilikuwa linafunguliwa na wageni walikuwa wametoka kisiwa cha pili, Upolu. Kanisa la zamani lilipofunguliwa, baba yake ndiye aliyesema, na wazee bado wanaisimulia hotuba ile. "Hii nikiikosa, basi tena," alimwambia mkewe asubuhi, akijifunga saruni yake nyeusi. "Na wakijua naumwa hawatanipa. Watasema tumwonee huruma, akapumzike. Mimi sitaki kupumzika." Pelenatete alimkazia fundo la saruni; alijua ni kweli.

Sasa alifuta mikono kwenye nguo na kutoka jikoni. Kutoka hapo uwanja wote ulionekana: wageni wameketi kwenye nyumba ya wazi upande wa pili, na katikati ya majani, juani, wazee wamesimama na fimbo zao. Walikuwa wameanza wengi. Walikuwa wamebaki wawili, Vaifale na Tagoai.

Tagoai alikuwa jitu la mtu, sauti yake hufika ng'ambo ya mto, na kwa utani hakuwa na mpinzani. "Ndugu yangu Vaifale," alikuwa anasema, "nakuheshimu sana. Baba yako alisema vizuri sana hapa. Lakini baba yako ameshakufa, na hakuacha ulimi wake kwenye wosia."

Watu wakaangua kicheko. Vaifale akainua mgwisho, akautupia bega la pili taratibu. "Tagoai, kaka yangu, wewe ukisema hata kuku huacha kutaga. Kaa chini uwaonee huruma kuku wetu."

Kicheko tena. Siku nyingine Pelenatete angejisikia fahari. Leo kila neno la mumewe lilimkera, maana aliyekuwa anachelewesha chakula alikuwa Vaifale mwenyewe. Angemwachia Tagoai, angeketi, mambo yangesonga. Lakini Vaifale kumwachia Tagoai? Labda bahari ikauke.

"Anatoka jasho," alisema.

"Mama, kila mtu anatoka jasho," alisema Meripa, aliyekuja kusimama nyuma yake. "Jua lenyewe hili."

Lakini jasho la jua Pelenatete alilijua, na hili halikuwa lile. Hili lilikuwa jembamba, juu ya mdomo na kwenye paji la uso, na uso wenyewe ulikuwa umefifia. Alichukua kitambaa akakipunga, juu, waziwazi. Vaifale alimwona. Akageuza uso upande mwingine kama mtoto aliyeitwa akaoge.

"Ewe mtu mwenye kichwa kigumu," Pelenatete alisema kwa sauti ya chini. "Kaa chini. Nakuomba. Kaa chini."

Hakukaa. Aliisimika fimbo mbele ya mguu wake, akavuta pumzi, akaanza kuwataja wageni kwa heshima zao, kama inavyotakiwa kwa anayegombea, wakuu wao na uwanja wao. Akataja uwanja wa kijiji kingine kabisa.

Msemaji anaweza kukohoa, anaweza hata kusinzia, lakini hakosei jina la uwanja wa mgeni. Wapo waliohama kijiji kwa kosa hilo. Tagoai alidaka papo hapo: "Jamani, wageni wa watu! Basi limewashusha pasipo penu!" Watu wakacheka mpaka wakapigana mapaja. Na Vaifale alitazama huku na huku, anatabasamu kidogo, haelewi wanacheka nini.

Pelenatete alirudi jikoni mbio. Kakao ya wazee ilikuwa ndooni, vuguvugu. Akachota kikombe, akatia sukari kwa mkono, konzi nzima, akakoroga kwa kidole. Sukari ileile aliyokuwa anaificha nyuma ya mfuko wa unga ili mumewe asiione.

Meripa alimshika nguo. "Mama, unakwenda wapi? Mama, huwezi! Fimbo zimesimama!"

Alikuwa anasema kweli. Fimbo zikiwa zimesimama hakuna anayekatiza uwanja, mwanamke wala mwanamume, na Pelenatete hakuwa hata mzaliwa wa hapo, alikuwa mke wa kuolewa ambaye mahali pake ni jikoni. Ukoo mzima ungetozwa nguruwe. Jina la Vaifale lingetajwa kwa hilo mpaka wajukuu wazeeke.

"Niache, Meripa. Nikingoja heshima nitamzika."

Akatembea. Kakao ilimmwagikia vidoleni. Kicheko kikakatika. Mtu akapiga kelele kutoka kwenye nyumba, "Wewe mwanamke! Rudi! Una wazimu?" Hakurudi. Alipomfikia mumewe alimshika shingo kwa mkono mmoja, ngozi imelowa, ya baridi kama ya samaki, akampelekea kikombe mdomoni.

"Kunywa, Baba Meripa."

Vaifale alimtazama kama hamjui. Kisha akaghadhabika, ghadhabu isiyo yake, akakipiga kikombe kwa nyuma ya mkono. Kakao yote ikamwagika majanini. Fimbo ikamtoka. Akaanguka kitako mbele ya wageni wa Upolu na kijiji kizima.

Hapo Pelenatete alipiga yowe. "Ana sukari! Kachoma sindano na hajala! Mtu anakufa na ninyi mnacheka!"

Ilikuwa imeshatoka, siri yote. Hakuna aliyesogea, isipokuwa Tagoai. Jitu lile liliweka fimbo yake chini, likapiga magoti, likaingiza mkono kwenye kikapu chake cha begani na kutoa kichupa cha soda ya machungwa, moto kwa jua, kimeshanywewa nusu.

"Mkalishe wima," alimwambia Pelenatete, na ile sauti ya kufika ng'ambo ya mto haikuwepo. "Kidogo kidogo. Asipaliwe. Mimi nitamshika mikono."

Pelenatete alimtazama. Tagoai hakumtazama. "Yangu huwa inashuka saa kama hizi," alisema tu.

Walimnywesha pamoja, funda kwa funda, huku Tagoai akimbana mikono na kumnong'oneza matusi ya kirafiki sikioni. Soda ilipokwisha Meripa alileta kakao nyingine. Muda ulikwenda. Pelenatete alihesabu pumzi za mumewe, akapoteza hesabu, akaanza upya. Mwishowe macho ya Vaifale yakatulia, yakazunguka, yakamwona.

Hotuba alitoa Tagoai, na ilikuwa fupi mno. Aliomba radhi, akakaribisha, akaagiza chakula, na wageni wakajibu kwa ufupi uleule. Vaifale aliisikia akiwa ameegemea nguzo ya nyumba, sahani mapajani, mkewe anamkatia gimbi. Safari hii lilikuwa kubwa. Alikula bila kuinua kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hakuyafuta.

"Umeniaibisha," alisema. "Mbele ya watu wote. Hotuba ya baba yangu. Sitakusamehe, Pelenatete."

"Usinisamehe," alisema, akimwekea samaki. "Kesho uniambie hivyo hivyo. Na kesho kutwa. Na wewe ukiwa mzee kabisa, uniambie."