Nilimwambia muuza dawa kuwa mgonjwa ni mimi

Admin, usiweke jina langu wala la kanisa letu. Mji wetu wa Rumonge, Burundi, ni mdogo, hapa kila mtu anajua kikohozi cha mwenzake.

Nina miaka 34 na watoto watatu. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikaolewa huku na mwanaume aliyerudi kutoka ukimbizini Tanzania. Ni mwalimu na shemasi, mtu wa heshima, lakini kiburi chake ni kirefu kuliko yeye. Wiki mbili zilizopita nilimsikia chooni akiguna kama aliyebeba bidoni mbili za mafuta ya mawese. Mkojo ulikuwa unamuuma.

Nikamwambia twende hospitali, akakataa. "Mama Divine, watu watasema nimeokota ugonjwa kwa wanawake wa ufukweni. Nenda famasi, sema unaumwa wewe. Wanawake mnaumwa hivyo kila siku." Akaniapisha kwa jina la mama yangu marehemu kwamba sitamwambia mtu.

Binti anayeuza dawa tunasali naye. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, uko na mimba? Iko homa? Mugongo inauma?" Nikajibu hapana, hapana, hapana. Akanipa vidonge vya siku tatu. Akiwa anavifunga kwenye karatasi, akasema, "Hii nakupatia bila karatasi ya muganga sababu uko mwanamuke na haiko homa. Ingekuwa mwanaume, namutuma hospitali palepale. Kwa wanaume iko mambo ingine."

Nikamshukuru kwa Kirundi, murakoze, nikaondoka. Neno hilo sikumfikishia mume wangu. Nilijua atakataa vidonge na hospitali bado hataenda.

Akapata nafuu. Jumapili binti yule akanisimamisha mlangoni mwa kanisa, "Mama Divine, ulipona?" Mume wangu alikuwa pembeni, anatazama viatu vyake. Nikasema nimepona, Mungu ni mwema. Jamani, nilidanganya mlangoni mwa kanisa!

Jumanne maumivu yakarudi. Nikaenda kununua tena, binti akakataa kabisa. "Imerudi mbio sana. Hapana mama, wende bakupime." Nikarudi nyumbani mikono mitupu.

Leo ni Alhamisi. Tangu asubuhi mume wangu anatetemeka chini ya blanketi mbili, na jua hili la kwetu mnalijua. Mgongo haugusiki. Kikombe cha uji kimemponyoka, na mkojo wake una damu. Kila nikitaja hospitali ananishika mkono, "Uliniapia."

Naogopa. Akifa, ndugu zake watasema Mkongomani amemuua mtoto wetu kwa dawa. Na mimi nitawajibu nini? Nilisikia kwa masikio yangu kwamba mwanaume hapewi dawa ile bila kupimwa hospitali, nikaibeba nikaja kumpa. Hata hospitalini sijui nitaanzia wapi, maana maswali yote ya famasi niliyajibia mwili wangu, na mgonjwa ni yeye.

Mama yangu alikufa akiniamini. Kuvunja kiapo cha jina lake kunanitia hofu, na mume wangu akipona huenda asinisamehe.

Nilipokuwa naandika hapa ameacha kutetemeka. Nikadhani amepata nafuu, nikamsogelea. Ameniangalia, akaniita kwa jina la dada yake aliyezikwa Kigoma.

Ndugu zangu, msiniandikie pole. Namba ya simu ya mwenye taksi ninayo mkononi. Nishaurini, nifanye nini? Jibuni sasa, msingoje jioni.