Ya Mlalo Yalikuwa Yake

Mume wangu alikuwa na ulimi wa zambarau. Alikuwa karani wa zamu kwenye mgodi mdogo wa dhahabu, vilimani upande wa Geita, mgodi ambao siku hizi hata waliowahi kuufanyia kazi hubishana ulikuwa wapi. Penseli aliyopewa kazini ilikuwa ile ya zambarau, ambayo ukiilowanisha inaandika kama wino na haifutiki tena. Basi kila alipotaka kuandika neno aliigusisha ulimini kwanza. Nilimkataza mpaka nikachoka. Kikombe chake cha chai kilikuwa na alama ya zambarau mdomoni, na fremu ya mlango ilikuwa na alama ya kidole gumba pale alipozoea kushika akivaa viatu.

Miaka ya hamsini ilikuwa inaelekea ukingoni. Gazeti la kila siku lilichapwa Dar es Salaam, likasafiri kwa treni mpaka Mwanza, na kutoka hapo likategemea lori na hali ya barabara. Sisi tulilipata kwa bunda, siku nyingi zimefungwa pamoja kwa kamba ya katani. Majirani walilipasua bunda palepale na kusoma yote kwa pupa, kisha wakakaa mikono mitupu mpaka lori lije tena. Mume wangu hakukubali upuuzi huo. Alilisukuma bunda chini ya godoro letu la sufi, akatoa gazeti moja kila siku, la zamani kwanza. Ole wako uguse la kesho. Nilimwambia kwamba hiyo kesho yake ilikuwa imeshapita huko Dar es Salaam, watu wameshaifungia vitumbua, akasema hapa kwetu haijafika. Kwa hiyo tulilala juu ya kesho zetu, na mimi nilizoea.

Kilichomfanya apende gazeti hakikuwa habari. Lilikuwa fumbo la maneno, ukurasa wa nyuma, visanduku vyeupe na vyeusi, na majibu yake hutoka katika gazeti la siku inayofuata. Tulilijaza wawili. Maneno ya mlalo yalikuwa yake, ya wima yalikuwa yangu. Yeye alijaza yake akinywa chai kabla ya zamu, mimi nilijaza yangu ugali ukiiva, na akirudi tunakaa kugombana.

Mimi nimezaliwa Tabora mjini, baba yangu alifanya kazi ya reli, Kiswahili nimekinyonya. Yeye alikuwa Msukuma wa upande wa Songwa, amekutana na Kiswahili shuleni. Nilidhani nitamshinda kila siku. Haikuwa hivyo. Nilikuwa na papara, nikisoma kidokezo naandika neno la kwanza linalokuja kichwani. Yeye alihesabu visanduku, akaangalia herufi zinazopita katikati, halafu akakaa kimya akimfikiria mtunzi. "Huyu mtunzi ni mtu wa hila," alikuwa akisema. "Akikwambia mnyama mkubwa, anataka ukimbilie tembo. Wewe usikimbie." Alinifundisha kwamba kidokezo husomwa mara ya pili kana kwamba hukukisoma. Nilikasirika kufundishwa lugha yangu na mtu anayesema "lumba" akikusudia "rumba", lakini nilijifunza.

Asubuhi ile tulibishana kuhusu kidokezo kimoja cha mlalo: *Hutoka nyumbani bila kuaga*, herufi tano. Siku hiyo nilikuwa nimemtangulia, na maneno yangu ya wima yalikuwa yametupa herufi mbili, M mwanzoni na I mwishoni. Nilikuwa jikoni, machozi yananitoka kwa kuni mbichi, nikamwambia ni moshi, tena hata hakuna haja ya kufikiri. Akalowanisha penseli akaandika MWIZI.

"Futa," nikasema.

"Penseli hii haifutiki, unajua wewe mwenyewe."

"Moshi ndio unaotoka kila siku. Mwizi ametoka hapa lini?"

"Kesho tutaona," akasema, akapiga godoro kwa kiganja, akavaa viatu.

Akatoka kimya. Nikashangaa, maana hakuwa mtu wa kuondoka bila kusema neno. Mara kichwa kikatokea dirishani. "Umeona? Nimetoka bila kuaga. Je, mimi moshi au mwizi?" Nikamrushia mwiko. Alikwepa, akacheka mdomo wazi, nikaona ulimi wake wa zambarau, akaenda zake.

Siku hiyo maji yaliingia shimoni. Yalipasua ukuta wa shimo la zamani lililokuwa jirani, na watu wa zamu yake wengi walitoka, ila yeye alikuwa amerudi ndani kuwatafuta wachache aliowaona hawamo kati ya waliotoka. Mnyapara alikuja kuniambia akiwa amelowa mpaka shingoni, analia waziwazi. Walivuta maji kwa mashine mpaka mashine ikaharibika. Baadaye wakatangaza shimo lile litafungwa na hakuna atakayetolewa.

Mama mkwe wangu alifika kwa lori la pamba. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye sauti ya chini. Nilimpigia magoti nikamwamkia mama kwa lugha yake, "Mwadila, mayu." Hakuitikia. Aliuliza kwa Kisukuma mwili uko wapi, na mnyapara alipomweleza, akasema kwamba yeye hakuja kwenye msiba. Hajaona maiti. Mwanawe kapotea, na mtu aliyepotea hutafutwa. Akafukuza wanawake waliokuwa wameanza kulia uani. Akakataza mtu yeyote kugusa kitanda, maana mwenyewe akirudi atataka kulala.

Nisingemtakia mtu yeyote majuma yale. Sikuwa mjane, sikuwa mke. Sikuruhusiwa kulia. Kila asubuhi mama mkwe alitenga chai kwenye kile kikombe chenye alama, akaiacha ipoe, akaimwaga. Nami nilianza kuharibika kichwa. Nikipika, nilimsikia akihesabu herufi kwa mnong'ono nyuma yangu, moja, mbili, tatu, na nilipogeuka palikuwa na kiti tu. Ile alama ya kidole kwenye fremu ya mlango niliiona imekolea zaidi ya jana. Niliogopa kuifuta, na niliogopa kuiacha.

Gazeti la asubuhi ile lilikuwa bado mezani, nimelifunika kwa kawa. Sikuwahi kumaliza maneno yangu. Siku moja mchana mama mkwe akalifunua, akaliinamia kwa muda mrefu. Hakujua kusoma. Akaniita.

"Hapa ndipo alipokuwa akipigia ramli?"

Nikamwambia si ramli, mayu, ni mchezo wa maneno tu. Akanitazama kama ninamficha kitu.

Alinieleza taratibu, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba aliwahi kumwona mwanawe kwa macho yake, likizo aliyokuja nyumbani na bunda lake. Kwao, ukienda kwa mfumu, yaani mganga wa ramli, kuuliza jambo, huleti maneno matupu. Unatema mate yako kwenye mdomo wa kifaranga, kwa sababu mate ndiyo wewe mwenyewe. Kisha mfumu anampasua, anasoma madoa meusi na meupe ndani yake, anakupa jibu. "Mwanangu alitia mate," akasema. "Akatia alama kwenye weusi na weupe. Akangoja. Kesho yake akapiga makofi akasema, jibu limetoka. Nyie mliosoma mmehamisha kuku mkaweka karatasi. Sikatai. Ila sasa liulize gazeti hilo, jibu langu liko wapi."

Kabla sijamzuia, akalowanisha kidole chake ulimini, akakigusisha kwenye visanduku, juu kabisa ya neno la mwisho aliloandika mwanawe. Akauliza kwa Kisukuma, kwa adabu, kama mtu aliyepiga hodi mlangoni kwa mkubwa: mwanangu yuko wapi?

"Jibu linatoka lini?" akaniuliza.

Nikasema, "Kesho."

"Kesho iko wapi?"

Nikamwonyesha godoro. Wala sikuwa na moyo wa kumdanganya.

Hapo tukakaa, sisi wawili, tukikitazama kitanda ambacho yeye mwenyewe alikuwa amekataza kisiguswe. Alielewa kabla yangu. Kulichukua gazeti ilikuwa kuinua godoro, na kuinua godoro lake kulikuwa kukubali kwamba harudi. Mimi nilielewa kitu kingine. Nilianza kuamini. Mimi, binti wa Tabora, niliyesoma shule, niliogopa kwamba nikilifungua gazeti lile nitakuta limeandikwa alipo.

Alikaa pale mpaka jua likahama ukuta wa pili. Kisha akasimama, akakunja upande wa godoro kwa mikono yake mwenyewe, akavuta bunda, akanipa.

Nikafungua ukurasa wa nyuma. Visanduku vidogo vya majibu ya jana vilikuwa pembeni, kwa herufi ndogo. Nilitafuta mlalo wetu. MWIZI.

"Limesemaje?"

Ningeweza kumwambia lolote. Angeamini. Ningesema yu hai Kongo, angengoja mpaka afe akimwaga chai. Ningesema amekufa, angenichukia au angenishukuru, sijui. Nilimtazama usoni, nikaona mama mzee aliyechoka sana.

"Mayu, gazeti halimjui. Ni maneno tu, yametungwa na mtu asiyetufahamu. Halina habari ya mwanao." Nikamsogezea gazeti la asubuhi ile. "Lakini mate ni yake kweli. Hapo ulipogusa ndipo alipoandika mara ya mwisho. Hakuna kitu kingine chake kilichobaki humu ndani kilichotoka mwilini mwake."

Akapapasa herufi zile za zambarau kwa ncha ya kidole, moja moja.

"Basi amepatikana," akasema. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti ambayo sijaisikia tena maishani, na wanawake wa jirani wakaja mbio wakijua kwamba sasa inaruhusiwa.

Aliomba gazeti akalizike nyumbani. Sikutaka kulitoa. Nasema ukweli, lilikuwa langu, lilikuwa na mwandiko wake, na kwa dakika kadhaa nilimchukia yule mama kwa moyo wangu wote. Lakini mimi nilikuwa na umri wa kupata mambo mengine maishani, yeye hakuwa nao. Nikamkabidhi.

Tulisafiri juu ya magunia kupitia Kahama na Kagongwa, gazeti likiwa ndani ya kitenge kifuani mwake. Nyumbani walichimba kaburi la ukubwa wa mtu, si la karatasi, karibu na boma la ng'ombe alipolala baba yake. Waliliviringisha gazeti ndani ya ngozi ya fahali mweusi. Wazee hawakuuliza chochote. Mama yake alikuwa ameshasema amempata. Nilipoitwa kutupa udongo nilipiga magoti ukingoni. Gazeti la pili, lile la majibu, nilikuwa nimelikunja mkononi. Nililiacha lianguke humo, nikamwambia kwa sauti ya kumfikia yeye tu, "Umeshinda, mwizi wewe."

Niliolewa tena baadaye, na mume mwema, nikazaa, nikamzika na huyo pia kwa mwili wake kamili. Penseli ya zambarau niliitumia mpaka ikawa kipande kisichoshikika. Fumbo la gazeti sijaacha kulijaza. Wajukuu wananicheka kwa sababu nasoma vidokezo vya wima tu. Vya mlalo sivisomi, hata kwa bahati mbaya. Navifunika kwa kiganja. Lakini yeyote anayejua mafumbo haya anajua yanavyofanya. Nikimaliza maneno yangu yote na kuondoa mkono, nakuta ya mlalo yamejiandika, herufi kwa herufi, na mimi sikuyaandika.