Kifaa changu cha vifaranga Kisarawe kiligoma kuongea na seva, kumbe kilidhani tuko mwaka 1970

Wakuu, habari za muda huu. Haya yamenikuta mwenyewe, siongezi chumvi.

Naishi Sofu, Kibaha. Mama mkwe yuko Kisarawe, anafuga kuku. Nilimtengenezea kifaa cha WiFi cha kupima joto la banda la vifaranga. Joto likishuka, simu yake inalia, na anaweza kuwasha taa ya akiba kwa simu hiyo hiyo.

Kifaa hutuma taarifa kwa seva, kompyuta ya mtandaoni inayoipigia simu yake. Mawasiliano hayo niliyawekea encryption, yaani yamefungwa asiyasome mwingine. Kifaa kinakagua kwanza cheti cha seva, kitambulisho chake chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha, ndipo kinaongea nayo. Hapa kwangu kilipiga kazi safi.

Asubuhi moja umeme ukakatika kule, uliporudi taa ya joto ikaungua. Mama alikuwa msibani, simu mkononi, haikulia hata mara moja. Kurudi, vifaranga wamelaliana kwenye kona, wengine wameshakufa.

Akanipigia.

"Baba, si ulisema isipolia nijue wako salama?"

Nikabeba laptop nikaenda.

Nikamwamkia, akaitikia, akanipeleka bandani. Alishawawashia jiko la mkaa, waliobaki wamechangamka.

Nikachomeka kifaa kwenye laptop nisome kinalalamikia nini. Kinasema cheti cha seva bado hakijaanza kutumika.

Hee! Mbona cheti ni kizima?

Nikaangalia tarehe iliyomo ndani ya kifaa: Januari 1970, sifuri ambayo vifaa vingi huanzia kuhesabu muda.

Nilicheka, halafu nikakaa kwenye ndoo kufikiri. Kifaa hakina betri ya saa. Umeme ukikatika kinasahau tarehe, kikiwaka kinaomba saa mtandaoni. Sofu net ina kasi, saa inawahi kufika. Kule net inasuasua, na code yangu iliomba mara moja tu bila kusubiri jibu.

Yaani kiliona cheti kimetoka miaka mingi mbele, kikakikataa. Kwa akili yake kilikuwa sahihi kabisa!

Shemeji yangu Idrisa, aliyekuwa anatuangalia pale bandani, akauliza, "Si uzime tu huo ukaguzi?"

Kweli ni mstari mmoja wa code. Nilikaribia kuufuta.

"Nikizima, mtu yeyote akijifanya seva kitamtii. Anaweza kumzimia mama taa."

Mama akadakia, "Basi usizime. Tengeneza."

Nikafunga kisaa chenye kibetri bapa, nikaandika code isubiri saa sahihi ndipo ikague cheti. Pia kifaa kikipotea hewani, simu inalia. Mama mwenyewe akazima umeme na kuwasha tena, mara kadhaa, hakuniamini haraka. Kila mara simu ililia, kisha kifaa kikarudi.

Nilichojifunza: vifaa hivi vidogo, kabla ya kuvidai usalama, vipe saa sahihi. Na ukimya usiuhesabu kama habari njema.

Ila kuna kitu kinanila kichwa. Hicho kisaa bado nakirekebisha kwa saa ya mtandaoni, nayo naiomba kwa njia ya wazi, haina encryption. Sasa mtu akikidanganya kifaa tarehe, kikakubali cheti kilichokwisha muda, nani atakishtua?

Wenye ujuzi nyie mnafanyaje? Nipeni darasa, nasoma kila comment.